Handaki la Polly

Miezi mitatu ya kwanza nikiwa Perth niliamini kwamba Graham Farmer alikuwa mkulima. Mchana nilikuwa darasani, nikisoma shahada ya uzamili ya historia. Ijumaa na Jumamosi usiku nilikuwa kwenye gari la kuazima, nikipelekea watu chakula majumbani, na sauti ya kwenye simu iliniambia kila mara niingie Graham Farmer Freeway. Kwa Kiingereza changu cha shule, farmer ni mkulima, basi. Nikajichorea tajiri wa ngano mwenye kofia pana, aliyetoa fedha au ardhi, serikali ikamlipa kwa kuipa barabara jina lake. Australia Magharibi ina mashamba yasiyo na mwisho, kwa hiyo sikuona ajabu.

Aliyenitoa ushamba ni mzee mmoja niliyempelekea samaki na chipsi ng'ambo ya mto. Nilimwomba radhi kwa kuchelewa, nikamwambia kulikuwa na foleni ndani ya handaki. "Kwenye Polly Pipe?" akauliza. Bomba la Polly: ndivyo wenyeji wanavyoliita handaki la kilometa 1.6 la barabara hiyo, linalopita chini ya Northbridge, ukingoni mwa katikati ya mji. Nikamuuliza Polly ni nani. Akanitazama kama vile mtu wa Jangwani angemtazama mgeni anayeuliza Sunday Manara ni nani. Chipsi zake zilipoa pale pale mlangoni.

Polly ndiye Graham Farmer. Alipewa jina hilo la kasuku utotoni, kwa kuwa alikuwa mtoto wa maneno mengi. Alicheza mpira kuanzia 1953 hadi 1971, na ukiwauliza wazee wa huku ni nani aliyebadilisha mchezo wao, wengi watamtaja yeye kabla hujamaliza swali.

"Mpira gani huo?" mama aliniuliza nilipompigia. Nikamwambia si huu wetu. Ni mpira wa Kiaustralia, unachezwa kwenye uwanja wa duara refu kama yai, wachezaji 18 kila upande. Mpira wenyewe nao ni wa umbo la yai. Hakuna nyavu, kuna nguzo nne zimesimama kila upande. Ukiupiga kwa mguu ukapita kati ya nguzo mbili za katikati unapata pointi 6, ukipita pembeni yake unapata 1. Unaruhusiwa kuushika na kukimbia nao, lakini huruhusiwi kuurusha. Ukitaka kumpa mwenzako kwa mkono, unaushikilia kwa kiganja kimoja na kuupiga ngumi kwa mkono wa pili.

"Kwa hiyo ni mpira wa miguu au wa mikono?" mama akauliza. Sikuwa na jibu. Baadaye nikaona kwamba maisha yote ya Farmer uwanjani yalikuwa ni kulijibu swali hilo.

Kabla yake, pasi ya ngumi ilikuwa ya mtu aliyezidiwa. Umebanwa na wapinzani, huwezi kupiga kwa mguu, basi unaupiga ngumi kwa mwenzako aliye jirani na kumwachia tabu zako. Makocha hawakuipenda. Farmer hakuwa wa kwanza kuipiga, ila yeye aliifanya kuwa silaha ya kushambulia. Nafasi yake uwanjani ilikuwa ya yule mtu mrefu aliyerukia mpira refa alipoudundisha katikati kuanzisha mchezo. Kazi ya kawaida ya mtu huyo ilikuwa kuusukumia mpira popote upande wa wenzake. Farmer aliruka mapema kuliko mpinzani, akaudaka angani, na kabla miguu haijagusa chini alikuwa keshaupiga ngumi kwenda mbele, mita nyingi mbele, kwa mwenzake ambaye tayari anakimbia. Alijifunza kwa kuurudia mchezo huo peke yake. Alikuwa akifanya kazi kwenye biashara ya magari, na hadithi inayosimuliwa kila anapotajwa ni kwamba alipiga ngumi mpira kuupitisha kwenye madirisha ya magari yaliyoegeshwa, dirisha likiwa limeshushwa nusu tu. Nimejaribu mwenyewe, kwa mpira wa kununua dukani, kwenye gari lile la kuazima. Mara kumi, nikagonga mlango mara kumi.

Haya yote yalinivutia, lakini kusema kweli si ndiyo yaliyonifanya nibadilishe mada ya tasnifu. Kilichonifanya nibadilishe ni mahali alipokulia.

Graham Farmer alizaliwa North Fremantle, Machi 1935. Mama yake alikuwa Mnoongar, yaani wa watu wenyeji wa kusini magharibi mwa nchi hii, wenye ardhi ambayo Perth imejengwa juu yake. Akiwa mtoto mdogo sana alipelekwa kulelewa Queens Park, nje kidogo ya mji, kwenye makao ya watoto yanayojulikana kwa jina la mwanzilishi wake, Sister Kate. Huyu alikuwa mtawa wa Kianglikana kutoka Uingereza, Katherine Clutterbuck, mwanamke aliyekuwa amekwisha kulea mamia ya watoto mahali pengine kabla ya kuanzisha makao hayo mwaka 1933, akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wanalelewa. Kwa wengi alikuwa mtu mwema. Lakini waliopelekwa kwake hawakupatikana kwa bahati. Mkuu wa idara ya serikali iliyowasimamia Waaborijini, A. O. Neville, aliamini kwamba weusi wa watu hawa ungeweza kufutwa, kizazi baada ya kizazi, ikiwa watoto chotara wangetengwa na ndugu zao na kuozwa kwa weupe. Watoto wa rangi nyeupe zaidi ndio waliotakiwa Queens Park. Walichaguliwa kwa ngozi. Nilipousoma ukurasa huo mara ya kwanza nilifunga kompyuta, nikaenda kuosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu.

Wako wengi waliokulia pale waliosimulia baadaye uchungu wa kutenganishwa na mama zao na kufichwa asili yao. Leo nchi nzima inawajua kwa jina la Vizazi Vilivyoibiwa. Ripoti kubwa ya taifa juu yao ilitoka mwaka 1997, na mwaka 2008 waziri mkuu akaomba radhi bungeni.

Sasa turudi uwanjani, maana hapa tarehe zinaanza kugongana. Farmer aliingia timu ya wakubwa ya East Perth mwaka 1953, akiwa na miaka 18. Mwaka huo, katikati ya mji wa Perth palikuwa bado ni eneo lililopigwa marufuku kwa Waaborijini. Amri ilitolewa 1927: Mwaborijini aliyeonekana humo bila kibali aliweza kukamatwa. Iliondolewa 1954. Kijana huyu, basi, alianza kushangiliwa na maelfu kwa jina la mji ambao watu wa upande wa mama yake walihitaji karatasi kuuingia. Kulikuwa na sheria nyingine ya 1944 iliyomruhusu Mwaborijini kuomba cheti cha uraia, kwa sharti athibitishe kwamba kwa miaka miwili alikuwa amekata uhusiano na watu wake, isipokuwa ndugu wa karibu kabisa wa damu. Waliokibeba waliita cheti hicho leseni ya mbwa.

Nilitafuta ni vipi mtu anacheza vizuri namna ile katikati ya mambo hayo. Hata mwili haukumrahisishia. Polio ya utotoni ilimwacha na mguu mmoja mfupi kuliko mwingine. Na bado: mwaka 1956 alichukua medali ya Sandover, inayopewa mchezaji bora wa ligi ya Australia Magharibi, na mwaka huo huo akatajwa bora wa mashindano ya majimbo yote ya nchi yaliyofanyika Perth. East Perth ikawa bingwa 1956, 1958 na 1959. Mwaka 1960 akachukua Sandover tena.

Medali ya 1958, iliyo kati ya zake, ilikwenda kwa Ted Kilmurray. Nilipofika hapo nilisimama. Kilmurray naye alicheza East Perth. Kilmurray naye alilelewa kwa Sister Kate. Wawili hao walikua pamoja kama ndugu. Na Kilmurray naye anakumbukwa kwa mkono: yeye aliipa umaarufu pasi ya kofi, ya kuusukuma mpira kwa kiganja kilicho wazi, ambayo baadaye ilipigwa marufuku. Watoto wawili waliochaguliwa kwa rangi ya ngozi, wakawekwa kwenye makao mamoja, wakatoka humo mmoja na ngumi na mwenzake na kofi, wakaufundisha mchezo wa miguu kutumia mikono. Sina nadharia ya kueleza hilo. Msimamizi wangu angependa niwe nayo. Mimi naona tu watoto wengi, mpira mmoja, na jioni ndefu za Queens Park ambazo hakuna mzazi anayekuja kukuita ukale.

Mwaka 1962 Farmer alihamia Geelong, mji wa bandari karibu na Melbourne, ambako ndiko kulikokuwa na ligi kubwa kuliko zote. Mechi ya kwanza tu akaumia goti, na jeraha hilo likamharibia msimu. Mwaka uliofuata akarudi. Kulikuwa na mchezaji mfupi mwepesi, Billy Goggin, aliyejua Farmer ataupeleka wapi mpira kabla haujafika mikononi mwake. Kwa wawili hao Geelong ilifika fainali ya 1963 na kuifunga Hawthorn kwa tofauti ya pointi 49. Ili kujua uzito wa ushindi huo, subiri: Geelong haikuchukua tena ubingwa hadi 2007. Watu walizaliwa, wakaoa, wakawa na watoto, wakisimuliwa habari za Polly.

Na kilichomfuata kilikwenda mbali kuliko Geelong. Katika fainali ya 1970, mbele ya watazamaji 121,696, Carlton ilikwenda mapumziko ikiwa nyuma kwa pointi 44. Kocha wao, Ron Barassi, aliwaamuru wacheze kwa pasi za ngumi bila woga. Wakashinda kwa pointi 10. Farmer hakuwemo uwanjani siku hiyo. Alikuwa kwao magharibi, kapteni na kocha wa West Perth, akijiandaa kuifunga timu yake ya zamani katika fainali ya 1971 kama alivyoifunga 1969. Jumla ya mechi zake za klabu ni 356.

Mwaka ninaorudia kuuangalia kuliko yote ni 1967. Mei 27 Waaustralia walipiga kura ya maoni kubadili katiba yao, ambayo tangu 1901 ilikuwa na kifungu kilichosema Waaborijini wasihesabiwe katika idadi ya watu wa taifa. Kura za ndiyo zilizidi asilimia 90 nchi nzima. Jimbo lililotoa sehemu kubwa zaidi ya kura za hapana, karibu asilimia 19, lilikuwa Australia Magharibi, kwao Farmer. Wakati huo yeye alikuwa kapteni wa Geelong. Septemba aliiongoza timu yake kwenye fainali, wakafungwa na Richmond kwa pointi 9, na hiyo ikawa mechi yake ya mwisho na klabu hiyo.

Unaona ninakoelekea. Nilikwisha kuiandika sura yote. Nilikuwa na mtoto aliyetengwa, sheria za aibu, na shujaa ambaye kila ngumi aliyoupiga mpira ilikuwa ngumi kwenye uso wa Neville. Niliipenda sana sentensi hiyo. Kilichokosekana ni Farmer mwenyewe kukubaliana nami.

Nilisikiliza mahojiano yake ya uzeeni. Nilisoma wasifu wake ulioandikwa na Steve Hawke mwaka 1994. Mtoto wa maneno mengi alikuwa amegeuka mtu mzima anayezungumza taratibu, kwa kuchagua, na kila alipozungumzia makao ya Queens Park alizungumza kwa shukrani. Alijiona mtu aliyebahatika. Nilimtegea sikio nikitarajia sauti itetemeke, haikutetemeka. Alipoulizwa habari za mpira ndipo alipochangamka: namna ya kuruka, namna ya kuweka mwili, kwa nini mkono una uhakika kuliko mguu.

Nilikasirika, na nitakuwa muungwana nikiri hivyo. Nilitaka aseme. Nilidhani ameficha, au hakuelewa yaliyomkuta, kana kwamba mimi niliyefika juzi na viza ya mwanafunzi naelewa zaidi. Nikaiandika hivyo, kwa lugha ya kitaaluma inayositiri ujeuri. Msimamizi wangu alirudisha sura ile na maneno machache pembeni: "Umemtafutia jeraha. Je, umemsikiliza?"

Siku tatu sikulifungua faili. Ya nne nikapanda treni hadi Queens Park. Hakuna cha kuona sana kwa mgeni asiyepajua: miti, nyumba, uwazi. Sikukaa sana. Niliporudi nilifuta sentensi ya ngumi na uso wa Neville. Sheria sikuzifuta hata moja, wala ushuhuda wa wale waliolia, maana shukrani ya mtu mmoja haifuti machozi ya mwingine aliyelala kitanda cha pili. Lakini shukrani hiyo nayo niliiweka, kama alivyoisema, bila kuipachikia maelezo yangu. Sura sasa haina mwelekeo mzuri kama mwanzo. Mtahini mmoja huenda akalalamika.

Mambo mengine ya maisha yake nayapita haraka. Alipata nishani ya Malkia mwaka 1971. Alirudi Geelong kufundisha, 1973 hadi 1975, bila mafanikio makubwa. Mwaka 1977 alikuwa kocha wa Australia Magharibi katika mechi ya kwanza iliyowarudisha wachezaji kwenye majimbo ya asili yao, na siku hiyo waliichapa Victoria 151 kwa 57. Mwaka 1994 taasisi yenye jina lake ilianzishwa ili kuwasaidia wanafunzi wa Kiaborijini kumaliza shule.

Kuna medali moja ambayo lazima niitaje. Mwaka 1957 Farmer alilingana kura na Jack Clarke wa East Fremantle katika Sandover, lakini kwa utaratibu wa wakati ule wa kuvunja sare akaikosa. Ligi iliamua kumpa yake miaka 40 baadaye. Miaka 40 baadaye ni 1997, mwaka ule ule wa ripoti ya watoto walioibiwa. Zamani ningeijengea aya nzima sadfa hiyo. Sasa nimeiacha kwenye tanbihi.

Barabara ilifunguliwa mwaka 2000. Ukitoka ndani ya handaki kuelekea mashariki unavuka mto kwa daraja linaloitwa Windan, jina la mke wa Yellagonga, aliyekuwa kiongozi wa Wanoongar Waingereza walipotua hapa 1829. Nimevuka pale mara nyingi na mifuko ya chakula kwenye kiti cha pembeni. Wengi wanaovuka nami, naamini, wanafikiri Farmer alikuwa mkulima, na la Windan hawafikirii kabisa.

Alifariki Agosti 2019, akiwa na miaka 84, akazikwa kwa heshima za kiserikali. Miaka yake ya mwisho alikuwa na ugonjwa wa kusahau, ule wa Alzheimer. Familia iliutoa ubongo wake ufanyiwe uchunguzi, na Februari 2020 majibu yakatangazwa: alikuwa na maradhi ya ubongo yanayotokana na kichwa kugongwa tena na tena kwa miaka mingi, maradhi ambayo hayathibitishwi hadi mtu awe amekufa. Alikuwa mchezaji wa kwanza wa mpira wa Kiaustralia wa ngazi ya juu kukutwa nayo. Baada yake walitajwa Danny Frawley na Shane Tuck, waliokufa wakiwa wadogo kwake sana.

Nilipomweleza mama habari hizi alinyamaza, kisha akauliza, "Sasa mwishoni, hata huo mpira aliukumbuka?" Nikamwambia mama, sijui. "Muulize Mungu amlaze pema," akasema, akahamia habari za ada ya mdogo wangu.

Fainali ya 1963 ipo kwenye filamu, ya rangi nyeusi na nyeupe. Nimeitazama mara nyingi kwa ajili ya tasnifu. Zamani nilikuwa naisimamisha kila Farmer anapoudaka mpira, niuone mkono. Siku hizi naitazama bila kuisimamisha, na macho yangu yako kwenye kichwa chake. Refa anaudundisha mpira. Anaruka, anapambana na mtu mrefu kama yeye, mabega na viwiko, wanaanguka wote chini. Hakuna anayekimbia na machela. Anainuka, anarudi katikati, anasubiri mpira udundishwe tena.